Nyimbo za Slowdive ambazo hazikutoka: zipi za kweli, na uanzie wapi

Msomaji mmoja wa Tabata, hapa Dar es Salaam, ameniandikia hivi:

"Shikamoo fundi. Nimenaswa na Slowdive tangu mwaka jana. Nilianza na Souvlaki, nikaenda mpaka albamu zao mpya. Sasa rafiki yangu aliyeko Uingereza amenitumia kwa Telegram folda ya nyimbo 70 na ushee, ameiita 'Hazijatoka'. Nyingine nikizisikiliza naona kabisa nilishazisikia. Nyingine ni wimbo uleule ila unakimbia, na majina yanagongana. Nyingine zina mvumo mwanzo mpaka mwisho. Naomba unisaidie: zipi ni za kweli kwamba hazikuwahi kutoka? Nianzie wapi? Na je, ni haki kusikiliza kitu ambacho wenyewe hawakukitoa?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na habari itakayokupunguzia kazi: katika folda za namna hiyo, nyimbo nyingi huwa zilishatoka zamani. Zilitoka kwenye EP (rekodi fupi ya nyimbo chache) ambayo hukuifikia, au kwenye toleo la Marekani, au kwenye diski ya pili ya albamu iliyotolewa upya miaka kumi na zaidi baadaye. Aliyekusanya hakuzikuta kwenye albamu anazozijua, akaona ni adimu, akazitia humo humo pamoja na demo (rekodi za majaribio) na rekodi za majukwaani. Hatua ya kwanza basi ni kuzirudisha kwao zile zenye kwao. Zitakazobaki ndizo za kuzungumzia.

Kwa faida ya wasomaji wengine: Slowdive ni bendi ya Reading, Uingereza, iliyoanza mwaka 1989. Neil Halstead na Rachel Goswell wanaimba na kupiga magitaa, Christian Savill yuko kwenye gitaa la tatu, Nick Chaplin kwenye besi na Simon Scott kwenye dramu. Walichukuliwa na lebo ya Creation Records ya Alan McGee wakiwa bado vijana wadogo. Muziki wao unaitwa shugezi: magitaa yanapitishwa kwenye pedali za mwangwi na za kukwaruza mpaka noti moja inamezwa na nyingine, na sauti ya mwimbaji inawekwa ndani ya mkusanyiko huo badala ya juu yake. Albamu tatu za mwanzo ni Just for a Day (1991), Souvlaki (1993) na Pygmalion (1995). Baada ya hapo bendi ikasambaratika, ikarudi jukwaani 2014, ikatoa albamu nyingine mbili, 2017 na 2023.

Sasa fungua folda yako. Ukikuta "Avalyn" mbili, "Morningrise", "She Calls", "Losing Today", "Albatross", "Shine" au "Golden Hair", hizo ziondoe. Ni nyimbo za EP tatu za mwanzo: Slowdive ya 1990, kisha Morningrise na Holding Our Breath za 1991. Tena "Golden Hair" si utunzi wao. Ni wimbo wa Syd Barrett, na maneno yake ni shairi la James Joyce. Ukikuta "So Tired", huo ni wa EP ya Outside Your Room ya 1993. "Good Day Sunshine", "Missing You" na "Country Rain" zilitoka mwaka huohuo kwenye EP waliyoiita 5, zikiongozwa na "In Mind". Watu wengi wanazidhania ni za siri kwa sababu toleo la Uingereza la Souvlaki lina nyimbo 10 tu na hizo hazimo. Ila lebo ya SBK ilipoitoa albamu hiyo Marekani mwaka 1994 iliziongeza tatu hizo mwishoni, pamoja na "Some Velvet Morning", wimbo wa Lee Hazlewood alioimba na Nancy Sinatra miaka ya 1960. Kwa hiyo mtu aliyekulia na CD ya Marekani anazijua kama nyimbo za Souvlaki, na aliyekulia na ya Uingereza anaziona ngeni. Hakuna kati yao aliyekosea.

Kama una "In Mind" inayodunda kama muziki wa klabu, ama ni remiksi ya Bandulu ama ya Reload. Zote mbili zilitoka rasmi, na zimo kwenye diski ya pili ya Souvlaki iliyotolewa upya mwaka 2005. Mwaka huohuo Just for a Day nayo ilipewa diski ya pili iliyobeba EP za mwanzo. Ukizipata hizo mbili, sehemu nzuri ya folda yako itakuwa imejieleza yenyewe, na kwa sauti iliyo safi kuliko ulizotumiwa.

Hapa kwetu jambo hili tunalijua vizuri kupitia muziki wa dansi. Bendi ziliingia studio za RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, zikarekodi kwa ajili ya kurushwa hewani, na nyimbo nyingi hazikubanwa kwenye santuri hata siku moja. Zilizobahatika kubanwa zilipelekwa Nairobi. Mtu wa Magomeni akarekodi kutoka redioni, jirani akadurufu kaseti yake, shemeji akadurufu ya jirani, na leo faili hilo liko mtandaoni likiitwa adimu wakati kanda mama ipo kabatini. Mimi kazi yangu ya kila siku ni kuhamisha kanda kuingiza kwenye kompyuta, na nimeshika matoleo ya Dar International ambamo sauti ya Marijani Rajab, Jabali la Muziki, imepanda mpaka haifanani naye kabisa. Aliyeisikia hivyo tangu utotoni anaamini ndivyo Jabali alivyoimba. Kwa Slowdive mambo ni yaleyale, ila huku kuna tatizo la ziada nitakalolieleza mbele.

Tukishaondoa zenye kwao, kinachobaki kimetoka kwenye vipindi vichache vinavyojulikana, na ni muhimu usivichanganye, kwa sababu kila kipindi kina sababu yake ya nyimbo kutotoka.

Cha kwanza ni zile demo za mwanzo kabisa. Hapa mpaka kati ya demo na rekodi rasmi ni mwembamba sana. Ile EP ya kwanza ya 1990 kimsingi ni demo yao. Walijaribu kuzirekodi upya nyimbo zake, wakasikiliza, wakaona toleo la mwanzo lina kitu ambacho jipya halina, wakarudi kwenye demo. Isikilize "Avalyn I" ukijua hilo. Sauti ya Rachel iko chini, karibu izame. Dramu zinasikika kwa mbali. Na magitaa yamejaza nafasi yote iliyobaki. Fundi wa studio kubwa angetaka kuisafisha. Angeifuta. Ndiyo maana ninakataa kabisa ile tabia ya kudharau faili kwa kuwa tu ni demo, kama ninavyokataa tabia ya kuliabudu kwa sababu hiyohiyo.

Cha pili ndicho kinachozaa maneno mengi. Baada ya Just for a Day, magazeti ya muziki ya Uingereza yaliyokuwa yameisifu bendi yakaigeukia. Wao wakaingia kutunga albamu ya pili, wakaandika na kurekodi nyimbo zipatazo 40. McGee akazisikiliza, akazikataa zote. Halstead amelisimulia jambo hilo mwenyewe. Wakaanza upya, na kilichopatikana ndicho Souvlaki. Wimbo kama "Hide Yer Eyes", ambao bila shaka unao humo ndani, unazunguka mikononi mwa mashabiki na haukuingia kwenye albamu yoyote.

Hapa naomba usimame kidogo. Wimbo uliokataliwa na bosi wa lebo ni tofauti na wimbo ulioachwa na mtunzi. McGee alikuwa anasikiliza kama mfanyabiashara mwenye masikio mazuri: kipi kitauzika, kipi kitanyamazisha magazeti. Halstead alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, bendi yake imechanwa hadharani, na uhusiano wake na Rachel ulikuwa umefika mwisho. Alijitenga kwa muda kwenye kijumba huko Wales na kurudi na nyimbo za aina nyingine. Sikiliza "Dagger", wimbo wa mwisho wa Souvlaki: gitaa kavu, sauti iko karibu na sikio, pedali karibu zote zimezimwa. Bendi ileile iliyotoa "Catch the Breeze" miaka miwili kabla imefika hapo. Ukizisikiliza zile zilizokataliwa kisha ukaja "Dagger", unaelewa kwamba kukataliwa kule kulimsukuma Halstead mahali ambapo huenda asingekwenda kwa hiari. Nyimbo zenyewe, kwa masikio yangu, ni nzuri bila kuwa kubwa. Ni za bendi inayojua kutengeneza sauti nzuri na bado inatafuta la kusema. Anayekwambia kwamba Creation ilitupa albamu bora kuliko Souvlaki hajakaa na Souvlaki vya kutosha.

Katika kipindi hichohicho ndimo anapoingia Brian Eno, mwanamuziki na prodyuza mashuhuri wa Uingereza. Bendi ilimwomba awe prodyuza wao. Akajibu kwamba angependa zaidi kufanya nao kazi ya pamoja kuliko kuwasimamia. Halstead akaenda akakaa naye studio siku chache, na ameeleza kwamba jambo la kwanza alilofanya Eno ni kuiondoa saa ukutani na kuiweka kando ya meza ya mitambo, kisha akamwambia apige gitaa tu, yeye arekodi. Kutoka siku hizo, nyimbo mbili zilifika kwenye albamu: "Sing" na "Here She Comes". Hapo ndipo wauza ndoto wanapopatia nafasi. Ukikuta faili limeandikwa jina la Eno na si mojawapo ya hizo mbili, liweke pembeni na usiliamini mpaka mtu akuoneshe limetoka kwenye kanda ipi. Kuongeza jina kubwa kwenye jina la faili ni kazi ya sekunde tano.

Kipindi cha tatu ni cha Pygmalion, na hapa ndipo moyo wangu ulipo, nisikufiche. Creation ilitaka albamu ya nyimbo za kuuzika. Halstead alikuwa amezama kwenye muziki wa elektroniki, anakata vipande vya sauti na kuvizungusha. Simon Scott aliondoka 1994, kabla albamu haijatoka. Kilichokuja mwezi Februari 1995 ni albamu ya nyimbo tisa ambayo karibu kila kitu kimeondolewa. "Rutti" inaifungua kwa dakika kumi: noti chache za gitaa zinarudiwa, kimya kinaachwa kati yake, na sauti inaingia bila haraka yoyote. "Crazy for You" ina maneno machache yanayorudi na kurudi juu ya kipande kimoja kinachozunguka. Wiki moja baada ya albamu kutoka, lebo iliwaacha. Halstead, Rachel na mpigadramu mpya Ian McCutcheon wakaenda lebo ya 4AD kama Mojave 3, wakipiga muziki wa gitaa kavu.

Demo za albamu hii zilizunguka kwa magendo kwa miaka mingi. Mwaka 2010 lebo ya Cherry Red walipoitoa Pygmalion upya waliweka diski ya pili yenye demo za kipindi hicho. Kwa hiyo hapa huna haja ya kubahatisha. Unaweza kupata kwa njia halali demo zenye ubora unaojulikana, kisha ukazitumia kama kipimo cha yale mafaili mengine. Kama unayo "Prautrock", imetoka kwenye kazi za wakati huo.

Kwa nini nazipenda hizi kuliko zile 40? Kwa sababu zinaonesha kazi ikifanyika. Zile za 1992 zinakuonesha nyimbo zilizokamilika ambazo mtu alizikataa. Hizi za 1994 zinakuonesha mtu anayeondoa. Cheza demo, kisha cheza albamu, halafu uliza kila mara: kitu gani hakipo tena? Utakuta mahali palipokuwa na ngoma pamebaki nafasi, na nafasi hiyo ndiyo inayofanya kazi ya ngoma. Kwa kijana anayetengeneza muziki kwenye kompyuta chumbani kwake, sijui somo lililo bora kuliko hilo.

Mwisho kuna rekodi za redioni na za majukwaani. Mwaka 1991 walirekodi kwa ajili ya kipindi cha John Peel cha BBC Radio 1. Hizo si nyimbo ambazo hazikutoka, ni upigaji mwingine wa nyimbo tunazozijua, na ni nzuri kwa sababu bendi ilipiga kwa siku moja bila muda wa kupaka rangi. Za majukwaani zinategemea aliyeshika kinasa sauti alisimama wapi. Sitazizungumzia zaidi.

Sasa tuje kwenye kupima, maana jina la faili si ushahidi. Unahitaji kompyuta na programu ya bure kama Audacity au Spek, ambayo inakuchorea spektogramu: picha ya sauti, nyuzi nzito chini na nyuzi nyembamba juu. Angalia kwanza juu. Faili lililotoka kwenye CD bila kubanwa hufika karibu na kHz 22, yaani mitetemo 22,000 kwa sekunde. MP3 ya kbps 128, yaani iliyobanwa sana, hukatwa kwenye kHz 16 hivi, na mkato wenyewe ni wa ghafla, mstari ulionyooka. Kwa hiyo ukipewa faili la FLAC (umbo linalotunza sauti yote) lenye mkato wa namna hiyo, kuna mtu alichukua MP3 akaivalisha nguo mpya. Ukubwa wa faili umeongezeka, sauti haijarudi. Ukiona imekatika kwenye kHz 15 na kuna mstari mwembamba ulionyooka kwenye kHz 19, hiyo ilirekodiwa kutoka redio ya FM, kwa sababu matangazo ya stereo ya FM hubeba mlio wa kuongozea hapo kwenye 19 na muziki wenyewe hauvuki 15. Nimeeleza hilo kwa urefu kwa sababu litakutenganishia kipindi cha Peel na demo ya studio kwa dakika moja. Kaseti nayo haina mkato. Nyuzi za juu hufifia taratibu, na huzidi kufifia kila ikidurufiwa.

Kisha shuka chini kabisa, utafute ule mvumo unaokusumbua. Umeme wa Uingereza, kama wa kwetu, ni wa Hz 50. Wa Marekani ni 60. Mashine iliyorekodi au kudurufu kanda mara nyingi huacha alama ya umeme wake kwenye sauti: mstari kwenye 50, na mwingine kwenye 100. Ukiukuta mstari huo kwenye 60, huenda kanda ilipita Marekani. Ukiukuta kwenye 53, hakuna nchi yenye umeme huo. Kanda ya Uingereza imechezwa kwa kasi ya ziada ya asilimia 6, ambayo inapandisha sauti kwa karibu nusu toni. Hapo ndipo unapopata ule "wimbo uleule ila unakimbia". Rudisha kasi mpaka mstari ukae 50, kisha sikiliza tena. Mara nyingi utagundua kwamba nyimbo mbili zenye majina tofauti kwenye folda yako ni rekodi moja. Na ukiona mistari miwili ya mvumo, tuseme 50 na 51 na nusu, kanda ilidurufiwa zaidi ya mara moja kwenye mashine zenye kasi tofauti, na kila mashine imeacha sahihi yake.

Nilisema shugezi ina tatizo la ziada. Kwenye wimbo wa dansi, gitaa la solo linasikika noti kwa noti, kwa hiyo kanda ikichoka unajua kilichopotea. Kwa Slowdive, uzuri wenyewe umo kwenye mikia ya mwangwi, pale sauti inapoisha na kuyeyuka. MP3 ya kiwango cha chini huanza kutupa vitu hapohapo, kwa sababu programu inahesabu kwamba sikio halitajali. Matokeo yake mwangwi unageuka kuwa kitu kinachochuruzika kama maji ya bomba, na msikilizaji mgeni anadhani ndiyo mtindo wa bendi. Vivyo hivyo mchakacho wa kaseti unajichanganya na magitaa mpaka unaamini ni pedali. Nimesoma watu wakisifia hali ya kindoto ya demo fulani, nami nikiisikiliza nasikia kaseti ya kizazi cha nne. Ili usidanganyike, anza na wimbo unaoujua kwa ubora kamili, uweke kbps 128 mwenyewe, usikilize kwa hedifoni kilichopungua. Fanya hivyo na "Souvlaki Space Station". Baada ya hapo sikio lako litakuwa na kumbukumbu ya uharibifu, na hautakuchanganya tena.

Jambo moja dogo: ukiomba rafiki yako akutumie upya, mwambie atume yale mafaili ya asili kama dokumenti, asicheze na kurekodi upya. Na asikubadilishie kwa nia njema kwenda umbo lingine.

Kuhusu haki. Kisheria halina utata mkubwa: rekodi ina mwenyewe hata kama haijatoka. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inayosimamiwa na COSOTA, inamlinda mtunzi tangu kazi inapotungwa, na haingoji iingie dukani. Usizipandishe mtandaoni, usiziuze kwenye flashi, usizitumie kwenye video zako.

Lakini najua unauliza zaidi ya sheria. Unauliza kama unamkosea Halstead ukikaa chumbani kwako Tabata usiku na hedifoni. Mimi naona inategemea unasikiliza kama nani. Bendi hii haikufa. Bado inapiga, bado inauza rekodi. Albamu zao za 2017 na 2023 zilitoka kwa lebo ya Dead Oceans na zinapatikana. Ukiwa umelipia zilizotoka na ukazijua vizuri, ukaja kusikiliza zilizobaki ukiwa na adabu ya mtu aliyeingia jikoni wakati chakula hakijaiva, sioni kosa. Kosa ni kumhukumu mpishi kwa sufuria iliyo nusu. Nimeona mijadala ya vijana wakitoa alama kwa demo, hii sita, hii nane, kama vile mtu aliwapelekea wazipime. Huko usiende. Na ukikuta kipande ambacho ni wazi mtu anahangaika, anatafuta maneno, anakosea na kuacha katikati, naomba hicho usimsambazie mtu. Nyimbo zilizokataliwa na lebo zilirekodiwa ili zisikilizwe. Kipande cha namna hiyo hakikurekodiwa kwa ajili yetu.

Kwa mpangilio wa kusikiliza, mimi ningekwenda hivi: EP tatu za mwanzo kwa tarehe zake, kisha Just for a Day. Halafu hizo zilizokataliwa, chache tu, nne au tano zenye sauti inayovumilika. Kisha Souvlaki yote bila kuruka, na EP ya 5 baada yake, kwa sababu "In Mind" tayari inaelekea kule Halstead alikokuwa anakwenda. Kisha Pygmalion mara kadhaa mpaka uizoee, kabla ya kugusa demo zake hata moja. Ukizianza demo mapema, albamu itakuonekea ina upungufu.

Na majina ya mafaili yabadilishe unapoendelea. Andika jina la wimbo kama unalijua, mwaka kama una hakika, chanzo (CD, FM, kaseti), na kasi uliyorekebisha. Jina ambalo mashabiki walilibuni liache, lakini weka neno "labda" mbele yake, ili atakayepokea kwako asilichukulie kuwa la bendi. Usifute matoleo mawili ya wimbo mmoja kabla hujajua lipi liko karibu na kanda mama. Lenye mchakacho mwingi wakati mwingine ndilo lenye nyuzi za juu nyingi zaidi, kwa sababu mwingine aliyeondoa mchakacho kwa programu aliondoa na muziki.

Ukimaliza kuchuja nadhani utabakiwa na mafaili machache ambayo hujui pa kuyaweka. Usinitumie nyimbo zenyewe. Nitumie picha za spektogramu zake, kuanzia Hz 0 hadi 200 na kuanzia kHz 14 hadi 22, pamoja na urefu wa kila wimbo kwa dakika na sekunde. Kwa hizo nitaweza kukuambia yapi yametoka kwenye kanda moja.